Kuchagua oktani inayoifaa injini ya gari lako: mwongozo kwa madereva wa Bukavu na bonde la Ruzizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikirudi Bukavu kutoka Uvira na Toyota Carina yangu ya zamani, tukiwa watu watano ndani na magunia mawili ya mchele nyuma. Mjini gari hilo halikuwa limenionyesha tatizo lolote. Tulipoiacha Kamanyola na kuanza kupanda mlima wa Ngomo, injini ilianza kutoa mlio mkavu wa haraka haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na kila nilipokanyaga pedali zaidi mlio uliongezeka. Nilifika Nyangezi nikiamini kwamba injini imekufa. Siku iliyofuata fundi wangu alisikiliza, akafungua tangi, akanusa, kisha akaniambia: «Papa, moteri haina shida, shida iko mu esansi.»

Alikuwa na haki, na tangu hapo nimelichukulia jambo hili la oktani, yaani namba inayoonyesha esansi inavumilia kiasi gani kubanwa bila kujiwasha yenyewe, kwa uzito unaostahili. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mwenye gari anayetaka kujua injini yake inadai nini, anauziwa nini kwa kweli, na afanye nini pale viwili hivyo visipolingana. Kwanza nieleweke kuhusu maneno. Ninaposema esansi, nasema yale mafuta ambayo wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa huyaita petroli. Kwetu hapa petroli ni mafuta ya taa, na mgeni asiyejua tofauti hiyo anaweza kujazia gari lake kitu ambacho injini haikuundwa kukichoma. Kama gari lako linatumia mazutu, yaani dizeli, namba ya oktani haikuhusu, kwa sababu mazutu hupimwa kwa kipimo kingine kiitwacho setani, ambacho hutazama jinsi yanavyojiwasha kwa urahisi, yaani kinyume kabisa cha kile tunachokitafuta kwenye esansi.

Hatua ya kwanza: fahamu namba hiyo inapima nini

Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kuugandamiza mchanganyiko wa hewa na esansi, kisha bujie, yaani plagi, hutoa cheche. Moto huanzia hapo na kusambaa hatua kwa hatua hadi kwenye kuta za silinda. Wakati moto unaposambaa, ule mchanganyiko ambao haujafikiwa unazidi kubanwa na kupata joto. Esansi yenye oktani ya kutosha huvumilia mpaka moto uufikie. Esansi dhaifu haivumilii: mabaki hayo hujiwasha yenyewe kwa mara moja, mawimbi ya shinikizo hugonga kuta na kichwa cha pistoni, nasi tunasikia zile kokoto. Kugonga kwa sekunde chache kwenye mlima hakuui injini, lakini kugonga kwa safari nzima, tena injini ikiwa na joto kali, huweza kuvunja ringi, kutoboa pistoni au kuunguza gasketi ya kichwa cha injini.

Kipimo chenyewe hulinganisha esansi na vimiminika viwili: isooktani, ambayo imepewa namba 100, na heptani, ambayo imepewa sifuri. Esansi ya 93 ni ile ambayo, katika injini maalumu ya majaribio yenye silinda moja, inagonga sawasawa na mchanganyiko wa asilimia 93 ya isooktani na asilimia 7 ya heptani. Kwa hiyo namba haisemi kwamba esansi ina nguvu zaidi, wala kwamba ni safi zaidi. Injini iliyoundwa kwa 91 na isiyogonga haipati faida ya maana kwa kunyweshwa 98, na fedha ya ziada unayoilipa inaishia kwa muuzaji. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona madereva wa taksi, watu wanaohesabu kila faranga, wakilipia namba kubwa kwa imani kwamba gari litapanda vizuri zaidi.

Hatua ya pili: soma kifuniko cha tangi, na ujue gari limetoka nchi gani

Fungua kile kimlango kidogo cha tangi na usome kilichobandikwa ndani yake, kisha utafute ukurasa wa mafuta katika kitabu cha gari kama bado kipo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu namba ileile haina maana ileile katika kila nchi. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba na Afrika Mashariki hutumia kipimo kiitwacho RON. Marekani na Kanada hutumia AKI, ambacho ni wastani wa RON na kipimo kingine kikali zaidi kiitwacho MON, kinachofanywa injini ya majaribio ikizunguka kwa kasi kubwa na mchanganyiko ukiwa na joto zaidi. Kwa sababu hiyo namba ya Marekani huwa ndogo kuliko ya RON kwa esansi ileile, kwa tofauti ya kama 4 au 5.

Chukua gari lililotoka Marekani lenye maandishi 87. Mwenye gari anaweza kufikiri kwamba injini yake inakubali esansi hafifu kabisa, kumbe 87 hiyo ni sawa na RON 91 hadi 92. Hatari kubwa zaidi iko kwenye gari lililoandikwa 91. Ukiiona 91 kwenye kifuniko na 91 kwenye pampu, utadhani vimekutana, lakini 91 ya Marekani inalingana na RON 95 au 96. Gari hilo litakuwa limepewa esansi iliyo chini ya mahitaji yake kwa namba nne au tano, na tofauti hiyo si ndogo.

Magari mengi ya mitaa yetu yalianzia Japani. Huko kuna aina mbili tu kwenye pampu za kawaida: ile ya kawaida, ambayo kwa kiwango cha nchi hiyo haipaswi kushuka chini ya RON 89, na ile ya juu, ambayo haipaswi kushuka chini ya RON 96. Mara nyingi kifuniko hakina namba, kina maandishi ya Kijapani tu. Ukiona ハイオク au プレミアム, injini hiyo inadai esansi ya juu. Ukiona レギュラー, inakubali ya kawaida. Kama macho hayajazoea maandishi hayo, piga picha kwa simu na uitafsiri, au linganisha herufi moja moja na hizi nilizoziweka hapa. Gari la Kijapani la esansi ya kawaida litatosheka kabisa na RON 91 au 93.

Gari lililotoka Ubelgiji au Ufaransa kwa kawaida limepangwa kwa RON 95, maana hiyo ndiyo esansi ya kawaida ya huko. Magari mapya ya Ulaya yana pia duara lenye E5 au E10 karibu na mdomo wa tangi. Hiyo si oktani: ni kiwango cha juu cha ethanoli, asilimia 5 au 10, ambacho mfumo wa mafuta wa gari unaweza kukipokea bila kuharibika.

Mwisho, angalia kitenzi ambacho mtengenezaji ametumia. Kitabu kikisema esansi ya juu ni lazima, lichukue neno hilo kama lilivyo. Kikisema inapendekezwa, injini inaweza kufanya kazi kwa esansi ya chini kidogo, ila itapoteza sehemu ya nguvu yake.

Hatua ya tatu: kama kifuniko hakisemi kitu, iulize injini yenyewe

Vifuniko vingi vimepakwa rangi upya au vimebadilishwa, na vitabu vimepotea baharini. Fungua boneti utafute namba ya injini, iliyopigwa kwenye bloki au kwenye kibati cha gari, kisha utafute uwiano wake wa mgandamizo. Uwiano huo unaonyesha mchanganyiko unabanwa mpaka uwe mdogo mara ngapi. Injini za zamani zenye uwiano wa 9 kwa 1 au chini yake, bila turbo, huridhika na RON 91, nyingine hata chini ya hapo. Kuanzia 10 hadi 11 kwa 1, jibu linategemea jinsi chumba cha moto kilivyoundwa, na ndiyo maana sipendi kanuni zinazotazama uwiano peke yake. Injini ya 1NZ-FE, ile tunayoikuta ndani ya magari mengi madogo ya Toyota, ina uwiano wa 10.5 kwa 1 na bado huko Japani inatumia esansi ya kawaida. Kwa upande mwingine Subaru ya zamani yenye turbo ina uwiano mdogo kuliko huo, lakini inadai esansi ya juu, kwa sababu turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda kabla pistoni haijaanza kubana.

Kwa hiyo ukiona turbo kwenye injini ya esansi, chukulia kwamba inataka RON 95 au zaidi mpaka upate maandishi yanayokuambia vingine.

Hatua ya nne: hesabu mwinuko wa mahali unapoendesha

Hili ndilo jambo linalotuhusu sisi kuliko madereva wa pwani, na miongozo mingi hulipita bila kulitaja. Bukavu iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500. Kwa urefu huo shinikizo la hewa liko chini ya lile la usawa wa bahari kwa karibu asilimia 16. Injini isiyo na turbo inavuta hewa chache, silinda inajaa kidogo, mgandamizo unashuka, na kiu ya oktani inapungua. Ndiyo sababu katika majimbo ya milima ya Marekani huuzwa esansi ya kawaida ya AKI 85 pale ambapo mahali pengine ya kawaida ni 87, na Afrika Kusini imezoea kuuza 93 katika nyanda za juu za Johannesburg na 95 pwani.

Dereva wa Bukavu anaweza kufurahia unafuu huo, lakini lazima aelewe unaficha nini. Esansi iliyopungua oktani, iwe imepungua kwa hila au kwa uzee, inaweza kufanya kazi hapa mjini bila mlio wowote, kuanzia Nyawera mpaka Panzi, mwezi mzima. Kisha unashuka Ngomo. Uvira iko kwenye ufuo wa Tanganyika, kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, ambako upungufu wa shinikizo la hewa ni asilimia 9 tu, na bonde la Ruzizi lina joto ambalo Bukavu hailijui. Silinda zinajaa zaidi, hewa inayoingia ina joto zaidi, na unaporudi unapakia mizigo na kuanza kupanda ukiwa ungali chini. Mambo matatu yanayochochea kugonga yanakutana mahali pamoja. Carina yangu haikuharibikia njiani siku ile: esansi iliyokuwa tangini ilikuwa mbovu tangu Bukavu, na mwinuko ulikuwa umenisitiria ubovu wake.

Unafuu wa mwinuko hauihusu injini ya turbo kwa kiasi hicho, kwa kuwa turbo hufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Mwenye turbo afuate kifuniko chake popote alipo.

Hatua ya tano: hakikisha kwamba unachonunua ni esansi

Kujua kwamba injini yako inataka 91 hakusaidii kitu kama kwenye bidoni mna mafuta ya taa. Simlaumu kila kadhafi, yaani muuza esansi wa rejareja, anayepanga chupa zake kando ya barabara. Wengi wao wanauza walichouziwa, nao wameniokoa usiku ambapo vituo vilikuwa vimefungwa. Lakini hesabu ya kuchanganya ni ya kutisha, na ni vizuri uione kwa macho yako. Mafuta ya taa yana oktani ya karibu 20 tu. Chukua bidoni ya lita 20, tia lita 18 za esansi ya 93 na lita 2 za mafuta ya taa. Kwa makadirio, oktani ya mchanganyiko huo ni jumla ya 18 mara 93 na 2 mara 20, ukigawanya kwa 20, nayo inatoka 86 hivi. Lita mbili tu zimeondoa namba saba. Juu ya hayo, mafuta ya taa huvukizwa kwa shida, huacha masizi kwenye bujie, na yale yasiyoungua huteremka kando ya pistoni yakaenda kuyalainisha mafuta ya injini mpaka yapoteze uzito wake.

Oktani yenyewe huwezi kuipima nyumbani, lakini esansi iliyoingiwa na mafuta ya taa, maji au uchafu unaweza kuishuku kwa njia tatu rahisi. Zifanyie nje, mbali na mbabula (jiko la makaa), sigara na injini inayonguruma.

Njia ya kwanza ni karatasi nyeupe. Dondosha tone moja na usubiri dakika chache kivulini. Esansi safi hukauka na kuondoka karibu yote. Doa la mafuta linalobaki, lenye ukingo unaong'aa, ni ishara ya mafuta ya taa au mazutu. Fanya jaribio hilo sambamba na tone la esansi unayoiamini, kwa sababu jicho linahitaji kitu cha kulinganisha.

Njia ya pili ni chupa ya kioo isiyo na rangi. Jaza, iache itulie kwa robo saa, kisha itazame kwenye mwanga. Maji hukaa chini na mpaka wake unaonekana wazi, uchafu pia hutua.

Njia ya tatu, ninayoipenda kuliko nyingine, ni mizani. Lita moja ya esansi ina uzito wa kati ya gramu 720 na 775 ikiwa na nyuzi joto 15, na kwa joto letu la mchana hupungua kwa gramu chache. Mafuta ya taa yana uzito wa karibu gramu 800. Ukiwa na chupa iliyopimwa lita moja kamili na mizani ya jikoni inayoaminika, lita inayozidi gramu 775 inastahili maswali. Mchanganyiko mdogo unaweza kupita bila kugunduliwa na mizani, kwa hiyo tumia njia zote pamoja, na ununue mahali pamoja panapokurudishia matokeo yaleyale kila mara.

Usihifadhi esansi kwa miezi katika bidoni ya plastiki iliyoachwa juani. Sehemu zake nyepesi hupotea, gari huwaka kwa taabu, na utando wa gundi hujijenga kwenye karibureta na injekta.

Hatua ya sita: jaribu, usikilize, kisha uamue

Subiri tangi likaribie kuisha ndipo utie esansi unayotaka kuijaribu, na uitumie kwa tangi mbili mfululizo, maana kompyuta ya injini huhitaji muda kujizoesha. Injini ikiwa imepata joto lake la kawaida, panda mlima unaoufahamu, kwa gia ya juu kuliko ungeitumia siku zote, huku ukikanyaga taratibu. Zima redio. Mlio mkavu unaokuja na mzigo na kuondoka unapoinua mguu ndio tunaoutafuta. Mlio unaoendelea hata gari likiwa limesimama huenda ni vali, au bati la ekzosi lililolegea.

Magari ya kisasa yana kihisi kinachosikia kugonga kabla ya sikio lako, na kompyuta huchelewesha cheche. Katika gari kama hilo dalili si kelele: ni gari kuwa zito mlimani na kunywa zaidi. Pima basi kwa lita na kilomita, kwa daftari.

Kama hakuna kugonga, umefika, usipandishe namba. Kama kupo, pandisha hatua moja. Na kama hata RON 95 safi bado inagonga ndani ya injini ambayo kifuniko chake kinakubali 91, acha kuilaumu esansi. Mwambie fundi aangalie avansi, yaani wakati cheche inapotoka, kama gari lina distributa, joto la injini, kichujio cha esansi kilichoziba, bujie zisizo za aina iliyoagizwa, na kaboni iliyojijenga juu ya pistoni. Mambo hayo hugongesha injini hata kwa esansi nzuri.

Ukikosa namba unayoitaka

Esansi mbili safi unaweza kuzichanganya tangini mwenyewe. Lita 20 za 95 juu ya lita 20 za 91 zitakupa karibu 93. Dawa za chupa za kupandisha oktani nazitumia kwa shida tu: nyingi zina manganizi au chuma, huacha vumbi jekundu kwenye bujie, na zikizoeleka huchakaza kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Vidonge vya nondo, vile vya kufukuza wadudu kwenye nguo, ambavyo baadhi ya watu bado wanashauri vitiwe tangini, usivikubali kamwe. Vinaganda ndani ya mabomba, na vile vyenye klorini huleta kutu. Wala usimruhusu mtu akurudishie risasi, ile metali, ndani ya esansi kwa hoja kwamba zamani iliyapa magari nguvu. Afrika iliyo kusini mwa Sahara iliiondoa kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na haikuondolewa kwa ajili ya injini, iliondolewa kwa ajili ya akili za watoto wanaokulia kando ya barabara.

Ukijikuta chini kule Kamanyola na esansi usiyoiamini, na lazima upande, shusha gia moja kabla ya mlima kukulazimisha, acha injini izunguke kwa kasi zaidi huku mguu ukiwa mwepesi, zima kiyoyozi, punguza mzigo kama kuna gari jingine la kuubeba, na ukisikia kokoto inua mguu mara moja. Simama Nyangezi, acha joto lishuke, kisha ongeza esansi safi juu ya ile iliyomo kabla ya kuendelea.